Siku Niliyomponda Mzimu, Kumbe Mzimu Mwenyewe Ni Mimi

Jamani, jambo hili nilikuwa nimeapa sitalisimulia, lakini kwa kuwa mke wangu ameshalisimulia kwenye kila shughuli anayoalikwa, na kila akisimulia analitia chumvi, afadhali mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu, halafu mcheke mara moja tuyamalize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa mjini, na mabanda ya video yanaota kila mahali penye jenereta. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Bigwa, kijana mwembamba kutoka Singida ambaye hakuna aliyemjua zaidi ya wanafunzi wake. Jirani yangu aliitwa Sele, mpiga picha wa harusi, naye alikuwa ameletewa kamera ya video na kaka yake, na baada ya kurekodi maharusi mpaka wakamchosha akaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, tena ya kutisha. Aliipa jina *Mzimu wa Mdalasini*. Hadithi yenyewe: mkulima wa Kinole anauawa na mdogo wake kwa ajili ya shamba la mdalasini, halafu anarudi kudai haki yake.

"Idi," akaniambia, "wewe ni mrefu, umekonda, macho yameingia ndani. Mzimu gani mwingine nikautafute?"

(Nikalichukua kama sifa. Ndivyo nilivyokuwa.)

Likizo ilipofika tukapanda milimani Kinole, tukarekodi siku mbili. Usoni nilipakwa unga wa muhogo, damu ilikuwa wino mwekundu wa kusahihishia madaftari, na ili nionekane naelea, Sele alinisimamisha juu ya toroli, mtu akawa analisukuma nyuma ya migomba. Tatizo likawa sanda. Sele alitaka shuka jeupe, na mimi jeupe nilikuwa nalo moja tu, nalo lina maneno yake.

Niwaeleze. Nilikuwa nimeposa binti wa Mkuyuni, Zawadi, ambaye sasa ndiye huyo msimuliaji wa shughulini. Zawadi alikuwa anaishi kwa mjomba wake, Mzee Shabani, fundi cherehani pale sokoni, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kusalimia na kupita, mjomba ndiye mwenye kauli. Posa ilikuwa imepokewa ila jibu lilikuwa bado. Sasa Zawadi alikuwa amedarizi shuka kwa uzi mwekundu, maua pembeni na katikati maneno KARIBU MPENZI, na shuka hilo mjomba alijua limo sandukuni linangoja ndoa. Kumbe Zawadi alishanipa kwa siri, nilitunze, nilione nimkumbuke. Nikalitunza kwa kulifanya sanda! Nililikunja, maneno yakaenda kwa ndani, nikabana na pini, nikajiona mjanja.

Miezi ikapita. Siku moja Sele akaja anahema, filamu imekamilika, itaonyeshwa kwa mara ya kwanza banda la video la Mkuyuni, Jumamosi ya gulio, saa nane mchana, na ikiisha atawauliza watazamaji maoni yao ayaandike kwenye daftari kabla ya kuipeleka Dar. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nikamwambia, "Sele, usinitaje. Nitakaa katikati ya watu kama mtazamaji tu, nisikie wanavyonizungumza bila kunionea haya."

Niseme ukweli, nilichotaka kusikia ni sifa. Nilijiona mwisho wa filamu wazee wanashika vichwa wanauliza, "Huyu kijana ametoka wapi?" na mimi niko pembeni nimevaa kofia, natabasamu peke yangu.

Nikadandia lori la ndizi mpaka Mkuyuni. Banda limejaa, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi yamebanana, televisheni moja iko juu ya meza. Nikajibana benchi la nyuma, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Sijakaa vizuri, nasikia mtu anasogea kando yangu, anakohoa, ananukia mafuta ya cherehani. Mzee Shabani!

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Kumbe na wewe unapenda mambo haya?"

Hapo ningesema tu, "Mjomba, mimi nimeigiza humo," mkasa ungeishia hapo na mngekuwa mnakunywa chai yenu kwa utulivu. Badala yake mdomo ukajibu wenyewe: "Hapana, mjomba, nimepita tu. Mambo ya kitoto haya."

Filamu ikaanza. Dakika kumi za mwanzo watu walitulia vizuri, mdogo mtu akamuua kaka yake, mama mmoja akasema maskini. Kisha mzimu ukatoka migombani. Mzimu unakuja unaelea, taratibu, taratibu, na chini kwa chini inasikika kwi-kwi-kwi, kwi-kwi-kwi.

"Huyo mzimu au toroli?" akauliza mama mmoja aliyekaa mbele na kapu lake la machungwa mapajani. Jina lake Mama Chausiku, na sauti aliyopewa yule mama ingetosha watu wanne.

Banda likacheka. Nikajituliza, nikasema moyoni ngoja wamwone anavyotazama kwa karibu. Kamera ikasogea usoni, unga wa muhogo umelowa jasho umekuwa kama chapati isiyoiva, mzimu ukakodoa macho, ukafungua mdomo kumlaani muuaji, ukapiga chafya. (Unga uliniingia puani. Sele alitaka turudie, mimi nikakataa, nikamwambia hakuna atakayeiona.)

"Afya!" watu wakaitikia banda zima.

Ikafuata sehemu ya mzimu kupanda mlima, unahema kuliko aliye hai, miguuni kandambili, na nyuma yake anafuata mbuzi ambaye hakualikwa na mtu, anatafuna ncha ya sanda bila wasiwasi wowote.

"Jamani, mbuzi mwenyewe hamwogopi," akasema Mama Chausiku, "sisi tumwogope kwa lipi?"

Mzee Shabani hakucheka. Akaniinamia. "Mwalimu, wewe umesoma. Hivi mtu mzima anayejipaka unga na kukimbia na mbuzi, ana akili timamu?"

"Hana, mjomba."

"Ungekuwa na binti, ungempa mtu kama huyo?"

"Hata kuku nisingempa," nikajibu.

"Eee," akasema, akarudi kutazama. Baada ya dakika akainama tena. "Hata kutembea hajui, au macho yangu?"

"Hajui, mjomba. Anatembea kama amebanwa na haja." Nikanogewa, nikaanza kuponda bila kuulizwa: pua yake, sauti yake, magoti yake. Nilimponda mzimu yule kuliko alivyomponda Mama Chausiku, tena kwa sauti, mpaka watu wa benchi la mbele wakawa wanageuka kunitazama na kugongana viwiko. Nikadhani wanavutiwa na uchambuzi wangu.

Basi ikafika sehemu ya mwisho, ambayo Sele aliisifia sana. Muuaji ameshakufa kwa hofu, mzimu unageuka, unaukimbilia mlima urudi kwenye mawingu. Siku ile Kinole kulikuwa na upepo, hilo nalikumbuka. Nisilokumbuka ni pini kuchomoka. Mzimu ukageuka, upepo ukalikunjua shuka mgongoni lote, na mbele ya watu wa gulio wa Mkuyuni mzimu wa mdalasini ukaondoka zake polepole kuelekea ahera, mgongoni umeandikwa kwa uzi mwekundu, na maua pembeni, KARIBU MPENZI.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi. Machungwa ya Mama Chausiku yalimwagika, naye hakuyaokota, alikuwa amejishika mbavu anasema, "Mzimu, karibu na wewe! Karibu, baba!"

Nikamtazama Mzee Shabani kwa jicho la pembeni. Amesogeza uso mbele, midomo inasoma herufi moja moja. Ndipo nikakumbuka jambo moja: herufi zile Zawadi hakuziandika yeye. Alizidarizi tu. Aliyezichora kwa chaki ya cherehani ni mjomba wake, na M yake ina mkia ambao huwezi kuukuta kwa fundi mwingine yeyote. Mzee wa watu alikuwa anasoma mwandiko wake mwenyewe mgongoni mwa maiti.

Taa ya umeme ikawashwa. Sele akasimama na daftari lake, uso umemshuka. "Wapendwa watazamaji, naomba maoni."

Mzee Shabani akasimama. "Kabla ya yangu, naomba ya mwalimu huyu. Amechambua vizuri sana huku nyuma."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nifanyeje? Sele ananitazama kwa matumaini, rafiki yangu yule, anajua nitamtetea. Mjomba ananitazama kutoka upande mwingine. Nikasafisha koo nikasema filamu si mbaya, ila huyo aliyeigiza mzimu ndiye ameiharibu, hajui kazi, amemwangusha mwenye filamu, na mimi kama mwalimu nashauri atafute shughuli nyingine.

Kalamu ikamwanguka Sele. "Idi," akasema, na sauti yake sijaisahau, "ndugu yangu, si nilikuambia ile chafya turudie ukakataa mwenyewe?"

Sikungoja lolote. Nikaruka benchi kuelekea mlangoni, mguu ukanasa kwenye waya wa jenereta, giza likashuka banda zima, na hapo ndipo siku ile watu walipopiga yowe la hofu kwa mara ya kwanza. (Sele mpaka leo anasema ndiyo sehemu pekee iliyotisha.) Nikapita na gunia la mlangoni kichwani, nikatokea gulioni sioni mbele, nikakaa juu ya fungu la mananasi. Sitawaeleza nilikaaje.

Nilipovuliwa lile gunia, aliyelivua ni Mzee Shabani. "Inuka," akasema. "Twende nyumbani."

Akatangulia, mimi nyuma yake. Zawadi alikuwa uani anachambua mchele, akatuona, akaniona suruali, akacheka, halafu akamwona mjomba na kicheko kikakatika.

"Zawadi, shuka lako liko wapi?"

Akainama. Mjomba akamweleza yote, sanda, toroli, mbuzi, na mimi nasubiri Zawadi aniambie nimeleta mkosi, nimeifanya ndoa yetu maziko. Zawadi akainua uso.

"Mjomba, nimekosa kulitoa kabla ya ndoa, nisamehe." Kisha akanigeukia. "Na wewe, ulipoulizwa kuhusu huyo mzimu, ulisema nini?"

Mjomba akanijibia, neno kwa neno, mpaka la kuku.

"Shuka litafuliwa," Zawadi akasema. "Lakini mtu anayejikana mwenyewe kwa kuogopa kuchekwa, siku nikichekwa mimi atasemaje? Atasema hanijui?"

Jamani, kicheko cha banda zima hakikuniuma kama swali lile. Nikamwomba msamaha, nikamwomba mjomba msamaha, na mjomba akasema posa yangu ataiangalia upya, ila Jumamosi ijayo filamu inaonyeshwa tena na anatarajia kuniona benchi la mbele, bila kofia.

Wiki ile nilianza kwa Sele, nikamkuta dukani kwake, akanipa mgongo muda mrefu akijifanya anapanga picha. Mwishowe akasema, "Ungeniambia tukiwa wawili ningekuelewa. Tena ulikuwa unasema kweli." Tukacheka kidogo, tukapanda lori pamoja.

Jumamosi banda lilijaa kupita mara ya kwanza, na Zawadi alikuja akakaa na mjomba wake. Filamu ilipoisha, watu wamechoka kwa kicheko, nikasimama bila kofia nikasema, "Wazee shikamooni, ndugu zangu habari zenu. Mzimu huyo ni mimi. Wiki iliyopita niliwadanganya, na nilimsaliti rafiki yangu. Sasa nipeni maoni yenu nikiwa hapa."

Nilitegemea mshangao. Hakuna aliyeshangaa. Mama Chausiku akamenya chungwa lake taratibu.

"Mwalimu, kwani nani hakujua? Tulikujua tangu chafya. Masikio kama hayo yapo mangapi Mkuyuni?"

Nikamgeukia Mzee Shabani. Akakohoa. "La shuka sikulijua," akasema. "Lakini wewe nilikujua ulipotoka tu migombani. Nilikuwa nakuuliza ili useme. Kila nikikupa nafasi ya kusema, wewe unajiponda zaidi, nikashindwa hata kukuonea huruma."

"Na maoni yako, mjomba?" Sele akauliza, kalamu mkononi.

Mzee akafikiri. "Andika: mzimu hatishi, lakini leo amesimama kama mtu. Aje nyumbani Ijumaa na wazee wake."

Basi, ndugu zangu, nikaoa. Filamu ilipelekwa Dar, na sijui iliishia wapi, na mimi sikuigiza tena, ingawa Sele alinifuata mara mbili. Nimejiwekea sheria moja. Nikifanya jambo, hata likiwa la hovyo kiasi gani, nikisikia watu wanalijadili nasema mapema kabisa kwamba ni langu, halafu nakaa wanipige. Wanapiga kweli. Lakini angalau wananipiga mimi, sijipigi mwenyewe huku nikiwa nimevaa kofia.