Siku Wageni Walipofukuza Ndege

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Mtu wa Bunia anayejidai kwamba haogopi ni mwongo, ama amelewa. Siye tuliokimbia vita Djugu na magodoro kichwani tunajua kuogopa vizuri kuliko tunavyojua kulima. Kwa hiyo mama prezida wa chama chetu cha wakulima wa mpunga alipotangaza kuwa wakulima wenzetu kutoka Uganda watavuka ziwa, waje kulala kwetu juma zima ili tufundishane kazi, wenzangu walipiga vigelegele, mimi nikauliza: "Barabara ya Kasenyi kutoka ziwani iko muzuri, haina watu wa bunduki?"

Wakanicheka. "Weye, hata kwenye ndoa utauliza mulango wa nyuma uko wapi!"

Naam, nauliza. Kuna ubaya gani?

Wageni walifika salama. Mpango ulikuwa kila mgeni alale nyumbani kwa mkulima mmoja, ale anachokula mwenyeji wake, ashuke naye shambani. Mimi nilipewa mama kijana mwenye mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajaribu kutembea. Kwao ni ufukoni, upande wa pili wa ziwa, na mumewe anauziana samaki na watu wa Tchomia, upande wetu, ndiyo maana alijua Kiswahili. Nilimpenda upesi. Alikula sombe yangu, majani ya muhogo, mpaka akalamba vidole. Mtoto wake naye alinizoea mara moja; nikikaa tu, anapanda mgongoni kwangu bila kuomba ruhusa.

Asubuhi tulikuwa tukishuka pamoja katika bonde la Shari, pembeni ya mji, ambako chama chetu kinalima. Tuliwaonyesha wageni namna tunavyozuia maji ya mfereji kwa magunia ya udongo. Wao walituonyesha kupanda kwa mistari, kwa kamba yenye mafundo. Ubishi ulikuwa mwingi na kicheko kingi. Kitu kilichotushinda sote ni ndege. Punje zikianza kujaa, wale ndege wadogo wanashuka kundi kwa kundi, na siye tunapiga makopo mpaka mikono inauma. Fundi wa wageni, mwanaume mpole wa kofia ya majani, akasema kwao wana dawa ya hao.

Dawa yenyewe ilikuwa bomba la plastiki. Ndani unatia mawe ya karbidi, yale ya watu wanaochomelea chuma, na maji kidogo, kisha unawasha. Linapiga kishindo, ndege wanahama bonde zima. Kwao ni kitu cha kila siku. Wanawake wanalipiga huku wakiendelea na maongezi. Mama prezida aliambiwa, naye akawaambia waliokuwa karibu. Jamani, nani anapiga bomu Bunia kwa ajili ya ndege? Wangeniuliza mimi! Lakini mimi nilikuwa njiani kutoka kupika, beseni la chakula kichwani.

Nilipofika, mtoto wa mgeni wangu alikuwa amekaa juu ya kikwembe kilichotandikwa chini ya mwavuli. Mama yake alikuwa mbali kidogo, ameinama kwenye tope na wenzake. Nikachuchumaa ili nishushe beseni. Ndipo lile bomba likalia.

Lazima nieleze jambo moja. Siku zile za kukimbia tulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyetutungia: masasi ya bunduki yakilia, unamchukua mtoto aliye karibu nawe, awe wa yeyote. Wako humtafuti. Ukimtafuta mtakufa wote wawili, na huenda kuna mtu mwingine amekwisha kumbeba. Baadaye, kanisani au kwenye site ya waliokimbia vita, watoto wanarudishwa kwa wenyewe. Wengi wa watoto wetu walipona hivyo, mikononi mwa watu ambao mama zao hawawajui mpaka leo.

Basi beseni likaenda zake na sombe yake. Nikamnyakua mtoto, nikakimbilia mafunjo. Wenzangu walikuwa wanaruka mifereji kushoto na kulia, hata wale walioambiwa! Mama prezida mwenyewe, na mwili wake wote ule wa heshima, alinipita. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka.

Mimi nilikwenda mbali kuliko wote. Niliingia mpaka maji yakanifika kiunoni, nikainama katikati ya mafunjo, na moyo ulikuwa unanipiga mpaka kwenye meno. Mtoto akaanza kulia. Nikamziba mdomo.

Kuna namna ya kuziba. Kiganja kinafunga mdomo, kidole gumba kinakaa chini ya pua bila kuigusa, ili usikie pumzi ikipita. Ukikosea kidogo tu, basi. Nilimwona mama mmoja aliyekosea. Alitoka majanini pamoja nasi, mtoto kifuani, akatembea nasi mpaka barabarani huku akimtikisa na kumwimbia, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia.

Nikasikia watu wanaita. "Tokeni! Ni mambo ya ndege tu! Tokeni, hakuna kitu!"

Sikutoka. Kwetu Djugu nako wenye bunduki waliita hivyo hivyo, kwa sauti nzuri: tokeni, imekwisha, tumekuja kuwasaidia. Waliotoka hatukuwaona tena. Kisha nikasikia mwanamke anapiga mayowe, nikamjua ni mgeni wangu. "Mwanangu! Mwanangu!" Nikasema moyoni, wamemshika, masikini. Sasa huyu mtoto hana mtu isipokuwa mimi. Kupitia mafunjo nikaona nguo za kijeshi zinashuka mbio kutoka barabarani, na siku hizi nguo hizo huvaliwa na yeyote. Nilijikojolea humo ndani ya maji. Nasema ilivyokuwa.

Ndipo mtoto akanilegea. Kichwa kikaniangukia mkononi. Nikatafuta pumzi yake kwa kidole, lakini mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi ya maji, na sikuweza kujua kama ninachosikia ni pumzi yake au ni upepo. Nikaondoa kiganja. Hakulia. Yesu wangu! Nikibaki, huyu amekufa mikononi mwangu. Nikitoka, watatuua pamoja. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nikatoka, nikayavunja mafunjo kwa kifua, sikujali ni nani atakayeniona.

Nje kwenye jua nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, nikampiga mgongoni. Nikampiga tena. Akakohoa, akatapika maji ya tope, kisha akapiga yowe ambalo nadhani lilifika sokoni. Nikakaa chini palepale.

Mama yake alikuja akamtoa mikononi mwangu. Hakunitukana. Alinitazama tu kama unavyomtazama mwizi, akarudi nyuma hatua baada ya hatua huku amemkumbatia. Wale walikuwa askari kweli, na mkubwa wao alikuwa amelishika bomba la plastiki, anamfokea fundi: "Muko wazima? Munapiga vishindo hapa Bunia juu ya ndege?" Fundi alikuwa amevua kofia, analia. Hata mimi nilimfokea, Mungu anisamehe. "Dawa ya ndege! Sema dawa ya kutumaliza siye!"

Jioni mgeni wangu alifunga mizigo, ingawa juma lilikuwa halijaisha. Chakula changu hakukigusa. Alimfunga mtoto mgongoni hata akiwa amekaa, na kila niliponyanyuka, yeye alinyanyuka. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa naiogopa mikono yangu.

Asubuhi, akisubiri gari la Kasenyi lije kumchukua, aliingia jikoni ambako nilikuwa napuliza makala ya moto. Akakaa kwenye kiti kifupi.

"Mama."

"Naam."

"Wenzako wamenieleza ile sheria yenu, na vile mnavyoziba mdomo. Boti za watu wenu wanaokimbia zinafika kwetu. Nimepokea akina mama wenye watoto ambao si wao. Nilidhani vita vimewaharibu akili. Mmoja nilimfukuza."

Nikaendelea kupuliza.

"Nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini?"

"Pale puani. Unaachaje nafasi."

Nikaruka kama niliyeshika kaa la moto. "Aah! Nyamaza! Usiseme maneno hayo nyumbani mwangu. Kwenu iko amani. Mulikuja kuona maji na magunia, mumeona, rudini muzuri."

"Hata kwenu kulikuwa amani," akasema.

Hofu iliyonishika hapo ilizidi ile ya mafunjoni. Mafunjoni niliogopa kitu ambacho hakikuwapo. Nilimtazama yule mama kijana, nikaifikiria nyumba yake ya ufukoni ambayo sijawahi kuiona, na nikaona kwamba namwogopea kweli. Nikakataa tena. Hakubishana nami. Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwangu. Mtoto, bila kinyongo, akanishika sikio akavuta.

Nikanawa mikono. Nikaushika mkono wa mama yake, nikauweka mdomoni mwa mwanawe, nikamsogezea kidole gumba. "Hapa. Usibonyeze. Unasikia pumzi?"

"Nasikia."

"Ukiacha kuisikia, toa mukono, hata kama wenye bunduki wako mbele yako."

Mtoto alidhani ni mchezo, akawa anacheka ndani ya kiganja cha mama yake. Nje gari likapiga honi. Mama yake hakuinuka. Alikuwa anarudia, kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, mpaka akajua vizuri.