Taa Inayozimika Gari Likibeba Maziwa

Saa saba mchana, mjini Garissa. Abshir Guleid, fundi wa umeme wa magari, amejifunika blanketi kichwani ndani ya Land Rover ya Hawo Salat, jasho linamtiririka. Jua la nje ni kali mno. Asipojitengenezea giza, hawezi kuona kama balbu yake ya kupimia imewaka.

"Walaal, ndugu yangu, umekufa huko?" Hawo anagonga mlango.

"Bado, eddo. Niombee niikamate hii hitilafu kwanza."

Anamwita eddo, shangazi, kwa heshima tu. Hawo na wanawake wenzake huleta maziwa ya ngamia kutoka upande wa Hulugho. Siku hizi taa ya ndani huzimika njiani usiku. Kwenye kizuizi, askari wakikuta giza ndani ya gari huteremsha kila mtu na kila mzigo. Jua huwachomozea hapo hapo, na maziwa huharibika.

"Ikizima tena, hawa mama wanahamia gari ingine," anasema Hawo. "Bila wao, hii safari imekwisha."

Mafundi wawili wameshabadilisha fyuzi. Hapa mjini taa iliwaka. Porini fyuzi ikaungua.

Abshir, mwenye miaka thelathini na minane, alikulia nyuma ya ngamia karibu na Griftu. Ukame wa 2006 ulimaliza mifugo ya baba yake. Akaja Garissa kuosha magari, na umeme akajifunza kwa kutazama wenzake.

"Ngamia anayechechemea humpimi akiwa amelala," anasema. "Unamtwisha, unamtembeza, ndipo unaona anapoumia."

Anachomoa fyuzi na kuweka balbu yake mahali pake. Haiwaki; itawaka tu waya wa taa ukigusa chuma mahali fulani.

"Eddo, gari likitoka Hulugho huwa na nini ambacho sasa halina?"

"Maziwa tu. Ile nzuri naning'iniza hapa mbele, juu, isitikisike."

Anamwonyesha kulabu aliyoiskurubu darini kwa mkono wake mwenyewe. Abshir anaitazama, kisha anamwomba ajaze maji kwenye dhiil, chombo cha kusukwa cha maziwa, akitundike.

Kulabu inainama. Abshir anachungulia tena chini ya blanketi: balbu inawaka kwa nguvu.

"Bismillahi! Nimeikamata!"

Ncha ya skurubu ilikuwa ikiukandamiza waya wa taa kwenye chuma cha paa kila chombo kilipojaa.

"Kumbe mwizi ni mimi!" Hawo anacheka hadi anashika mlango. "Na vile nimelaani hao mafundi, wallahi!"

Abshir anazungushia waya tepu nyeusi na kuhamisha kulabu. Chombo kinatundikwa tena kikiwa kimejaa, gari linazungushwa kwenye mashimo ya sokoni. Taa haizimiki. Wanawake wanaanza kupakia madumu matupu.

Abshir anatamani kwenda Hulugho kila siku ya soko na vifaa vyake. "Magari ya huko yanatembea giza," anasema. "Mungu akijalia, nitaanza wiki ijayo."

"Nitakubeba bure," Hawo anamwambia akiwasha gari. "Lakini utakaa nyuma. Mbele ni ya maziwa."