Bei Niliyoipa Tronsoneze ya Bijombo

Watu wa Uvira hawajui kununua tronsoneze. Nasema hivyo bila kuomba radhi, maana nimewatazama kwa zaidi ya miaka ishirini nikiwa kwenye benchi langu la ufundi pale mtaani Kilibula. Mtu yule yule anayechambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, mmoja mmoja sokoni kabla ya kutoa noti yake, ukimpa msumeno wa injini anapofuka macho. Anaunyanyua kwa mkono mmoja kupima uzito, kana kwamba ananunua kuku. Anakwaruza rangi kwa ukucha. Kisha anauliza, kwa sauti ya mtu mwenye akili, "Iko ya mwaka gani?" Ukimtajia mwaka wowote unaokujia kinywani anatikisa kichwa, ameridhika.

Wauzaji nao ni wachafu zaidi. Hapa mjini tuna makomisioneri, watu wa katikati ambao hawana mashine wala mti wala shoka, wana simu na mdomo tu. Komisioneri akipata tronsoneze iliyochoka anaiosha kwa petroli, anaipaka rangi ya machungwa, halafu asubuhi ya mauzo anaipasha moto nyuma ya ukuta mnunuzi asipokuwapo. Injini iliyokataa kuwaka tangu alfajiri sasa inaitika kwa mvuto mmoja, na mnunuzi mjinga anapiga makofi. Nimewaona wakipiga makofi kweli.

Ndiyo sababu tuna desturi ya mpimaji. Wawili wasioaminiana wanaipeleka mashine kwa fundi asiye ndugu wa yeyote kati yao. Fundi anapima, anataja bei mara moja, wanashikana mikono juu ya mashine, na habari inaishia hapo. Hakuna kurudi kesho na maneno mengine. Kila upande unampa fundi soda au bia, na anayeikataa bei atatafuta sana mnunuzi mwingine, maana mji huu ni mdogo na midomo ni mingi.

Kwa miaka mingi mpimaji wa Kilibula nilikuwa mimi. Kwanza niligusa egzosi, na nikikuta ina joto niliwafukuza wote wawili. Pili niliishika mashine kwa kamba yake ya kuwashia na kuiacha ining'inie: ikishuka haraka, pumzi imekwisha. Tatu nilifungua egzosi nikachungulia pistoni kama ina mikwaruzo. Baada ya hapo ndipo nilipotazama bamba na mnyororo. Rangi sikuitazama kabisa. Watu waliniita fundi wa kweli, na jina hilo nililipenda kuliko soda zao.

Wakati mmoja wa kiangazi alikuja mtu wa rika langu, ameteremka kutoka Bijombo, milimani, na familia yake baada ya vita kuharibu mambo huko juu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili si mbali nami. Alikuwa amefunga tronsoneze yake katika blanketi, akaifungua taratibu mbele yangu. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu wa tumbo na simu mbili, aliyekuwa anapiga miayo tangu alipofika.

"Fundi, minye niko nauzisha hii mashini ju ya binti yangu," alisema yule mtu wa juu. "Amemaliza kujifunza kushona. Kuko mama mumoja mu soko iko na cherehani ya dolari mia na makumi tano, ataniwekea mupaka siku ya posho. Huku mu muji haiko miti ya kukata, mashini itanisaidia nini?"

Nilimdharau papo hapo. Muuzaji anayetaja shida yake mbele ya mnunuzi, na siku ya mwisho anayoihitaji pesa, yaani Jumamosi, ameishusha bei kwa mdomo wake mwenyewe. Mfanyabiashara aliacha kupiga miayo.

Nikagusa egzosi: baridi. Nikaining'iniza kwa kamba: ikatulia hewani, haikutaka kushuka. Nikachungulia pistoni: laini, safi, haina hata mkwaruzo. Rangi ilikuwa imebanduka karibu yote, na hiyo ilikuwa ishara nzuri, maana hakuna aliyejisumbua kunidanganya. Kichwani nilikuwa nimekwisha fika dolari mia mbili na hamsini.

Kisha nikaiwasha. Iliwaka kwa mvuto wa pili, ikapiga kelele nyembamba ya juu, na mnyororo ukazunguka wenyewe kabla sijabonyeza kitu. Nilipobonyeza ili ivute nguvu, ikakabwa na kuzimika. Nikairudia mara tatu, mara tatu ikafanya vile vile.

Injini inayonyonya hewa pembeni, kwa sababu mipira yake ya ndani imekufa, hulia hivyo hivyo. Mashine ya namna hiyo ina wiki chache kabla ya pistoni kuungua. Lakini mkono wangu na jicho langu vilikuwa vimesema nzima, na sikio pekee ndilo lililosema mgonjwa. Fundi mwenye adabu angechukua bisibisi, au angalau angeuliza swali. Sikuuliza. Nilitazama mabuti yake ya mpira yenye udongo mwekundu, nikajiambia kwamba watu wa ng'ombe wa huko juu hawajui mashine, wanatia mafuta yoyote wanayoyakuta, na sasa ameniletea mzoga.

"Muzee, hii mashini imekwisha," nilimwambia. "Iko inavuta hewa fasi haifai. Dolari makumi munane."

"Makumi munane?"

"Ndiyo."

"Kule juu haikukuwa inalia hivi, fundi."

"Kule juu hamukukuwa na masikio."

Mfanyabiashara alicheka mpaka simu moja ikamdondoka. Kicheko chake kilinifurahisha, siwezi kukana. Yule mtu hakubisha. Alisema tu, "Fundi amesema," akanyoosha mkono wake juu ya mashine, wakashikana, akahesabiwa pesa zake, akakunja blanketi. Aliniachia pesa ya soda. Niliinywa soda hiyo siku ile ile.

Zikapita wiki mbili. Mkataji wa yule mfanyabiashara, kijana wa mlimani anayepanda na kushuka kila mwezi, akaja kununua mnyororo mpya. Alikuwa na tronsoneze ile ile. Niliitambua kwa rangi ilivyobanduka. Akaiwasha ili kuujaribu mnyororo, na mashine ikanguruma chini, imetulia, mnyororo umesimama. Alipobonyeza ikapanda bila kusita na kuliingia gogo langu la majaribio kana kwamba ni mgomba.

"Umebadilisha nini mu hii mashini?" nilimuuliza.

"Sijabadilisha kitu. Nilifungua vis ya karbirateri, robo tu." Akaonyesha kwa vidole namna alivyoigeuza ile skrubu. "Kule juu hewa iko kidogo, tunapunguza petroli. Ukishuka huku ku ziwa, hewa iko mingi, unafungua tena. Weye haujue?"

Sikujua. Nimezaliwa chini ya milima ile, kila asubuhi nikifungua mlango naiona, na sikuwahi kupanda hata mara moja na mashine mkononi. Mashine zote nilizozipima maishani zilikuwa zimeishi ufukweni. Robo mzunguko wa bisibisi ndiyo iliyonishinda, mimi niliyewacheka watu kwa kuuliza mwaka.

Nilikwenda kwa mfanyabiashara nikamweleza kwamba bei haikuwa sawa. Alisikiliza huku akijaza vocha kwenye simu.

"Bei ilishasemwa, fundi," alijibu. "Na ni weye uliisema."

Ni mtu wa hovyo, na kwa desturi yetu alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani, nikatoa dolari mia na sabini katika akiba ya kununulia mabati ya nyumba, nikaziweka kwenye droo ya benchi. Kisha nikafanya jambo ninaloliona la aibu kuliko bei yenyewe: nilizikalia. Vyumba vyake vilikuwa mwendo wa dakika tano, nami kila siku nilijipa sababu mpya ya kutokwenda.

Akaja yeye. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, alikuwa na binti yake mwenye beseni la nyanya kichwani, maana cherehani ilikwisha kuuzwa kwa mtu mwingine na zile themanini zilikuwa zimegeuka kodi na nyanya. Baba alinipa kipande cha fromaji, jibini la milimani, kilichofungwa katika jani.

"Imetoka juu, ndugu yangu ameleta," alisema. "Nikasema nikuletee. Wenzangu wameuzisha mashini zao kwa makomisioneri, wamefungwa macho. Weye uliniambia kweli."

Ningeweza kunyamaza, na nilitaka kunyamaza. Lakini binti alikuwa anatazama droo, au mimi nilidhani anaitazama. Nikamwambia baba yake yote: vis, hewa, mkataji, sauti niliyoisikia vibaya. Nikafungua droo, nikamwekea pesa mkononi.

Alinitazama kwa huruma. Kisha akacheka polepole na kuvifunga vidole vyangu juu ya noti.

"Fundi, weye uko na roho muzuri. Unaona niko na shida, unatafuta namna ya kunisaidia bila kunipatisha haya. Lakini minye siwezi kula pesa ya muntu bure. Mashini ilikuwa imekwisha. Hata minye niliisikia."

"Haikukuwa imekwisha. Minye nilikosea."

"Fundi wa kweli hakosei kitu kidogo vile," alisema, akanigusa bega kama anayemtuliza mgonjwa. Kadiri nilivyoeleza habari za petroli na hewa, ndivyo alivyozidi kuniona mwema. Nilikuwa nimewafundisha watu wa Kilibula kuniamini, na huyu alikuwa amejifunza vizuri kuliko wote.

Binti ndiye aliyetua beseni chini.

"Ilikuwa vis tu?" aliniuliza.

"Vis tu."

"Papa, pokea ile pesa. Iko yetu. Huyu papa alituibia cherehani."

Baba yake aligeuka, na sauti yake ilibadilika. Alimkemea pale pale, mbele ya wapita njia, kwamba amekosa heshima kwa mtu mzima, kwamba ni fundi huyu pekee aliyewatendea haki tangu wateremke. Akamwamuru aombe msamaha.

Binti aliliinua beseni, akalisawazisha kichwani, akanitazama usoni bila kushusha macho.

"Unisamehe, fundi," alisema.

Na mimi, baba yake akisubiri, noti zikiwa bado mkononi mwangu, nilimjibu kwamba nimemsamehe.