Mwalimu Njiku kaingia jikoni

Jamani, Jumatatu naingiaje ofisi ya walimu? Nishaurini.

Mwalimu Njiku anastaafu. Ndiye aliyenifundisha darasa la nne, sasa nafundisha naye. Tukakubaliana walimu wenzake tumtoe chakula cha mchana, na mimi kwa kiherehere changu nikachagua ule mgahawa mpya wa steki hapa Singida mjini.

Tumefika, hata hajakaa. "Nyama iko wapi tuchague?"

"Mwalimu, hapa hatuchagui, tunaletewa."

Mzee ana ng'ombe zake kule Mgori. Akaniangalia kama vile nimekosa hesabu ya kujumlisha. "Nile nyama ambayo sijaiona ikining'inia?" Akaenda jikoni.

Tumekaa karibu saa nzima. Steki zikaja, kila mtu na sahani pana kama ungo, katikati kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Nakata changu, damu hiyo.

Madam Rehema akauliza kwa upole kama ugali unakuja. Mhudumu akasema hapa hatuuzi ugali.

Hakuna aliyenisema. Bora wangenisema.

Ndipo Mwalimu Njiku akatoka jikoni, anachokonoa meno kwa njiti.

Kumbe kawakuta wapishi wanakula chakula chao, ugali wa mtama na kuku wa kienyeji. Wakamkaribisha, naye akanawa.

Akaketi, akaitazama steki yake, akaisukuma taratibu mbele yangu.

"Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba. Umechagua mahali pazuri sana."