Boti niliyoichora kwenye fomu ya mafuriko, na Bibi yangu aliyebaki dunguni

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Naanza na ujinga wenyewe nisije nikauzunguka: niliweka boti ya kuchekesha kwenye fomu ya kuandikisha watu waliozingirwa na maji.

Kila ukigusa herufi, boti inakatiza skrini mbio, inatoa moshi. Ukimaliza kaya moja, inapiga honi.

Washkaji niliowaonyesha walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Mimi kichwa kikavimba.

Uzi huu sijautia chumvi. Pale nitakapoonekana mjinga, jueni ndivyo nilivyokuwa. Niko kidato cha tatu hapa Kibiti, kwa hiyo wale wa "dogo nenda kasome" nimewasikia mapema. Shule yenyewe ilikuwa imefungwa, madarasani wamelala watu wa mafuriko.

Twende.

Kwa wasioijua delta: msimu wa mpunga watu wengi hawalali kijijini. Wanahamia shambani kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, wanalinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe.

Bibi yangu, mzaa mama, analima upande wa Kiongoroni. Kila msimu anahamia dunguni na sufuria zake, kuku wake, na redio isiyoshika stesheni yoyote. Ukimwambia abaki kijijini anakuuliza, "Ndege utanifukuzia wewe na hiyo simu yako?"

Safari hii mto ulijaa, ukakutana na bamvua. Maji ya mto yanateremka, maji ya bahari yanapanda, na katikati ndipo lilipo shamba la Bibi.

Vijana wa msikitini kwetu wakachangishana mafuta, wakaazima boti za mashine pale Nyamisati. Msimamizi wao Kaka Shomari, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno machache. Shida yake moja: boti ndogo, delta kubwa, na hajui nani yuko wapi. Nyumba moja inapigiwa simu na ukoo mzima, nyumba ya pili yake hakuna anayeitaja.

Nikamwambia, "Kaka, nikutengenezee fomu ya mtandaoni. Kila kijiji mtu mmoja anaandika kaya zote, wewe unaziona kwenye simu yako."

Akanitazama. "Wewe si ndiye uliyemwekea mwalimu mkuu mlio wa mbuzi kwenye simu?"

"Ndiyo kaka. Lakini ulilia, au haukulia?"

Akacheka kidogo, akanipa kazi.

Sasa wale wa kompyuta sogeeni. Wasiojua msikimbie, ni rahisi.

Nilitumia React, chombo cha kutengenezea kurasa za mtandao, nilijifunza kwa video kwenye laptop ya kaka yangu. React inaukata ukurasa vipande vipande, kila kipande kinaitwa component. Data ikibadilika, inachora upya vipande vinavyohusika. Ukiipanga vizuri ni tamu sana.

Mimi sikuipanga. Data yote ya fomu niliirundika kwenye state moja, yaani kumbukumbu ya ukurasa, juu kabisa. Maana yake ukiandika herufi M kwenye jina la mtu, ukurasa mzima unapigiwa hesabu upya: majina yote, umri, orodha ndefu ya vitongoji, na boti.

Halafu kaya ikishatumwa sikuiondoa kwenye skrini. Niliiacha pale chini kama kadi ya rangi, kila kadi na kiboti chake kinachoelea. Ilipendeza, nisiwadanganye. Ila kila herufi mpya ilikuwa inaziburuza kadi zote zilizotangulia.

Kaya ya kwanza inaruka kama swala. Kaya za mbele huko, unasukuma gari kwenye tope.

Niliijaribu kwa kaya moja. Kwenye laptop. Nimeichomeka kwenye umeme. Baba wa kaya nikamwita jina la mwalimu wa hesabu.

Na upande wa Shomari nikafanya ubunifu mwingine: orodha yake ilionyesha waliobaki tu. Boti ikichukua kaya, anabonyeza, kaya inapotea. Asiyeonekana, keshachukuliwa. Shomari aliipenda. "Safi, hainichanganyi."

Mwandishi wa upande wa Kiongoroni alikuwa Mjomba Kibwana, mdogo wake mama. Ana smartphone ndogo, kioo kimepasuka, anaichaji kwa sola. Na jua tulikuwa tumelisahau.

Asubuhi ya kwanza kaya zikaanza kumiminika. Mimi nimekaa uwanja wa shule naangalia zinavyoingia, najiona waziri. Mama alikuwa upande wa jiko la shule na wanawake wenzake, wanapikia waliokuja na boti za mwanzo. Akaniita.

"Mama yangu keshaingia humo?"

"Bado, lakini anayeandika ni Mjomba. Atamsahau mama yake?"

"Sijasema atamsahau. Nimeuliza keshaingia?"

"Anaingia sasa hivi, mama."

Baadaye kidogo ikaja sauti ya Mjomba. Naikumbuka yote: "Mpwangu, fomu yako inalemea. Mwanzo ilikuwa inakwenda. Sasa naandika herufi, inapotokea mimi nishaisahau. Na simu imepata moto kama pasi."

Wakuu, nilicheka.

Nikamtumia kikatuni cha mtu anayegaagaa kwa kicheko, na chini nikaandika: "Mjomba, simu hiyo mzee mwenzio, mpumzishe."

Yeye akarudi kwenye fomu.

Sasa kuna jambo nililopaswa kulijua hata bila shule, maana nimelelewa nalo. Kwetu mwenye upawa hajipakulii kwanza. Anayegawa wali anaanza na wageni, anakuja majirani, watoto wa watu, ndipo wa nyumbani kwake, na yeye anakwangua sufuria. Ukijipakulia kwanza utasemwa mpaka harusini kwako.

Siku ile Mjomba ndiye aliyeshika upawa. Akaandika kijiji kizima. Mjane wa jirani, mgema, hata jamaa mmoja ambaye wana kesi naye ya mpaka wa shamba. Kaya yake na mama yake akaiweka mwisho.

Na fomu yangu ilikuwa nyepesi kwa wa kwanza, na nzito kuliko zote kwa wa mwisho.

Alikuja kunihadithia mwenyewe. Alianza jina la Bibi, Mwanahawa. Akabonyeza M, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akabonyeza kwa hasira, zikaja M zote kwa pamoja. Akafuta, zikafutika pamoja na kilichokuwepo. Viboti vinapita tu. Alipofika pa kuandika mahali, ukurasa ukajifunga wenyewe. Akaufungua: kadi za wenzake zote zimejipanga na viboti vyake, kaya yake tupu. Sikuwa nimeweka kitu cha kuhifadhi alichokwisha kuandika.

Akaanza upya. Chaji ikaisha.

Akaiweka simu ndani ya mfuko wa nailoni, akapanda mtumbwi, akamfuata mama yake shambani.

Nyuma yake boti za Shomari zikafika kijijini. Wakapakia watu. Mama mmoja akasema, "Kibwana na mama yake wako dunguni." Shomari akatoa simu, akaangalia. Hawamo.

"Hao washabebwa na boti ya asubuhi," akasema.

Boti imejaa watoto, maji yanavuta. Akageuza. Msimlaumu, mimi simlaumu. Alisoma nilichomwandikia.

Mjomba alifika dunguni, akafunga mtumbwi kwenye nguzo. Maji yakavuta, kamba ikakatika, mtumbwi ukaenda zake. Wakabaki wawili juu ya dungu, mvua juu, maji chini, kuku wamesharuka wamekwenda.

Kutoka pale waliisikia mashine ya boti.

Bibi akasema, "Hao wanakuja."

Mlio ukawa unapungua.

Bibi akasema, "Wanamalizia wenzetu kwanza."

Nimejaribu kuandika kitu cha kuchekesha hapa, kwa mazoea. Hakipo.

Waliokotwa kesho yake na wakata mikoko waliokuwa wanatafuta njia ya kutokea. Bibi alifika Nyamisati amefunikwa turubai, kifua kinakoroma. Tukamkimbiza hospitali. Aliponiona aliniuliza kama kuku wake kuna aliyewaona. Nikasema wapo kwa jirani. Hata hilo nilidanganya.

Akafariki Ijumaa, watu wanatoka kuswali.

Tulimzika hapa Kibiti. Yeye alitaka alale kando ya Babu, lakini kaburi la Babu lilikuwa chini ya maji.

Mjomba hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Matanga yalipokwisha alinipa ile simu, ameichaji, akasema, "Hebu andika wewe."

Nikafungua fomu yangu. Kadi zote za Kiongoroni zikapanda, viboti vinaelea. Nikabonyeza M.

Nikasubiri.

Mjomba ananitazama mimi, haitazami simu. Boti ikapita, inatoa moshi.

Nikaandika upya fomu nzima. Boti nje. Kila kisanduku sasa kinashika herufi zake chenyewe, React haisumbuliwi mpaka mtu amalize na kutoka kwenye kisanduku, na makosa yanakaguliwa hapo hapo anapotoka, siyo kila herufi. Alichoandika kinajihifadhi ndani ya simu, izime, iwake, anaendelea alipoishia. Kaya iliyotumwa inabaki mstari mmoja wa maandishi, haichorwi tena kila mtu anapogusa kitu. Na orodha ya Shomari inaonyesha wote, waliobaki na waliochukuliwa, kila mmoja na boti iliyomchukua. Asiyekuwemo kabisa ni mtu ambaye hajaandikwa, kamuulizieni.

Nilitaka kuongeza kitu kimoja: fomu imlazimishe mwandishi aanze na kaya yake. Nikampelekea Mjomba, nimejiandaa kusifiwa.

Akatikisa kichwa. "Nijipakulie mbele za watu? Rekebisha chombo chako. Adabu iache ilivyo."

Nikakitoa.

Nilichojifunza ni hiki, na nyie mnaotengeneza vitu vya watu kubandika vidole mkichukue: usipime fomu kwa kaya ya kwanza, kwenye laptop ya kaka yako. Ipime kwa kaya ya mwisho, kwenye simu mbovu kuliko zote kijijini, betri imeshageuka nyekundu. Kwetu sisi aliye huko mwisho siyo mvivu wala mshamba. Ndiye mstaarabu kuliko wote, kawatanguliza wenzake.

Na mtu akikuambia kitu chako kinalemea, usimtumie kikatuni.

Wataalamu, kama kuna kitu bado kimepinda kwenye nilivyoirekebisha nambieni, nipo nasoma kila comment. Wenye matusi nao wapite, sitajibu, mengi nimeshajitukana mwenyewe.

Nimebakiza la Mama.

Nilimwambia yote: boti, kikatuni, na jinsi nilivyocheka. Alikuwa anasugua sufuria, akaendelea kusugua. Siku zikapita. Ananipakulia chakula, ananiamsha kuswali, basi.

Baada ya arobaini ya Bibi nikampelekea simu ya Mjomba. Nikamwambia, "Mama, nijaribie fomu mpya. Andika jina lolote."

Akafuta mikono kwenye kanga, akakaa chini. Mama anaandika kwa kidole kimoja, taratibu. Akaandika Mwanahawa. Kila herufi ikatokea pale pale alipoigusa.

Watu wangapi: mmoja.

Mahali: dunguni, shamba la Kiongoroni.

Hali yake: mzee, hawezi kutembea majini.

Akabonyeza Tuma. Fomu ikajibu papo hapo: imefika.

Akaitazama kidogo, akanirudishia simu, akasema:

"Haya. Mwambie Shomari akamchukue."