Dobi na Doa la Rangi Nyeupe

Miaka kumi na tisa ya kufulia watu ilikuwa imemzoesha dobi kutolaza doa hata usiku mmoja. Kwa hiyo siku aliyogongwa na gari kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, alirudi kutoka hospitali mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, akaloweka gauni lake kabla hata hajaketi. Damu ilitoka. Rangi nyeupe ya gari, iliyoganda kiunoni, aliisugua kwa petroli mpaka nayo ikatoka.

Wiki tatu baadaye, wakili wa msaada wa sheria alimpigia simu. Dereva alikuwa amekana kumgusa.

"Kesho niletee gauni ulilovaa, mama. Rangi ya gari lake ndiyo itakayomuumbua."

Dobi alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mdogo wake, aliyekuwa akipiga pasi, akamtazama.

"Vipi, dada? Umeona jini?"

"Nimelifua."

"Umefua nini?"

"Gauni. Linang'aa kama jipya."

Mdogo wake aliangua kicheko, kisha akakikatiza. "Basi tuchukue rangi kwa fundi wa magari hapo nyuma, upake kidogo. Wewe unayajua madoa kuliko mtu yeyote. Nani atagundua?"

Hofu ilimshika hapo hasa, kwa sababu angeweza kweli. Alijua jinsi rangi inavyozama kwenye uzi ikikandamizwa, na jinsi inavyoelea ikipakwa. Jioni nzima alijiona kizimbani, hakimu akimuuliza doa lilitoka wapi. Akaiona pia kesi imetupwa, na mkono wake usioweza tena kukamua shuka.

Kesho yake alikwenda na gauni kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye kila barabara alisubiri mtu mwingine avuke, akajibanza nyuma yake.

Wakili, binti wa umri wa mwanawe, alilikunjua gauni juu ya meza. Likanukia sabuni.

"Ndilo hili?"

"Ndilo. Nililifua siku ileile. Na jana nusura nilipake rangi."

Wakili alivua miwani. "Ungelipaka, kesi ingekufa, na wewe ungeshtakiwa."

"Kwa hiyo haijafa?"

"Inachechemea. Tutafute walioona. Twende ukanionyeshe ulipokuwa."

"Pale? Mwanangu, pale sijarudi tangu siku ile."

"Nitakushika mkono."

Walifika. Magari yalipita yakivuma, na kila jeupe lilimpasua moyo. Yaliposimama, dobi aliingia kivukoni akihesabu mistari kwa sauti ndogo. "Hapa," alisema. "Wa tatu. Alikuja upande ule, hakupunguza mwendo."

Ng'ambo, mshona viatu aliacha sindano ndani ya soli.

"Wewe mama si ndiye uliyegongwa? Tulikuona, tukadhani umekufa. Mkono unaendeleaje?"

Wakili alikuwa ameshatoa kalamu. Dobi alitaka kumjibu yule mtu, lakini gari la kwanza lilikuwa linanguruma, na miguu yake haikutaka kuondoka mstarini.

"Mama, tembea," wakili alisema, akimvuta. "Tembea, niko nawe."