Kitasa na Huduma ya Simu Tulivu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Kitasa, na mwenyewe aliitika bila kinyongo, maana kazi yake ilikuwa kufungua milango iliyowashinda wenyewe. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vioo na kinyozi, na ukutani zilining'inia funguo ambazo hazijachongwa, zikigongana kila upepo ulipopita. Lakini kibandani alikaa kwa nadra. Riziki yake ilikuwa kuitwa. Kuna aliyefungiwa nje na upepo akiwa na taulo kiunoni, aliyevunjia ufunguo ndani ya kufuli, karani aliyepoteza ufunguo wa kabati la mihuri siku ya wakaguzi kuja.

Watu wa namna hii hawapigi kwa simu zao. Simu zao zimo ndani, mezani, zinaita bila wa kuzipokea. Hupiga kwa simu ya jirani, ya mlinzi, au ya mpita njia aliyeingiwa na huruma. Kwa hiyo Kitasa alikula kwa namba asizozijua, na hakuwahi kuipuuza hata moja.

Na mtu anayepokea kila simu, sifa zake husambaa. Wasumbufu wa mjini walimpenda kama nzi wanavyopenda kidonda. Asubuhi alipongezwa kwa kushinda gari katika bahati nasibu ambayo hakuicheza. Kabla ya kumaliza chai, mwanamke mwenye sauti ya asali alimbembeleza akubali mkopo. Mchana kuna aliyetaka kumuuzia kiwanja chenye mandhari ya kuvutia, na alipouliza kiko wapi, aliambiwa hilo litazungumzwa baada ya kulipa. Mwingine alimwarifu kwa majonzi kwamba mwanawe wa tatu amezimia shuleni na anahitaji pesa za matibabu. Kitasa alikuwa na watoto wawili. Alimwomba amzike huyo wa tatu kwa heshima.

Haya yote aliyavumilia mpaka siku ya daktari wa meno. Daktari huyo alijifungia ndani ya chumba chake pamoja na mgonjwa aliyekwisha kuchomwa sindano ya ganzi. Kitasa alipiga magoti mlangoni, kimya, sikio karibu na kufuli, waya wake mwembamba umebakiza kidogo tu kufika mahali pake. Simu ikaita. Akajua ni mteja mwingine, akajipinda kuichomoa mfukoni, na waya ukakatikia ndani ya kufuli.

"Habari za mchana, ndugu mteja," sauti ikasema. "Umewahi kukaa ukafikiria juu ya kifo chako?"

Alikuwa mtu wa bima ya maisha. Mlango ulipokuja kufunguka, ganzi ilikuwa imeshamtoka mgonjwa kitambo, na daktari alimtazama Kitasa kwa jicho la kumwambia asije akaumwa jino.

Kesho yake akaenda ofisi ya kampuni ya simu. Binti wa kaunta alimpokea kwa tabasamu lililoanza kabla hajafika.

"Baba, tatizo lako limekwisha. Tuna huduma inaitwa Simu Tulivu. Mtu ambaye hayumo kwenye namba zako akipiga, mashine inapokea kwanza. Inamuuliza jina na sababu ya kupiga. Ikiona ni mtu wa maana inakupitishia. Ikiona ni tapeli, inamkatia huko huko, halafu jioni inakuletea ujumbe wa kukueleza nani kasema nini."

"Itamjuaje tapeli?"

"Imefundishwa, baba. Matapeli wana haraka, wanalia shida, wanataka ufanye jambo sasa hivi."

"Na wewe unaitumia?"

"Mimi huwa nazima simu," binti akasema, akampa fomu.

Siku za mwanzo zilikuwa peponi. Kitasa alikunywa chai mpaka chini ya kikombe. Alilala mchana. Jioni ujumbe ulipoingia alimsomea mkewe kama mtu asomaye matokeo ya mtihani wa mtoto wake.

"Leo tumenusurika na matapeli kumi na mmoja."

"Na wateja?" mkewe akauliza. Alikuwa fundi wa nguo, na sindano aliibana midomoni hata akiongea.

"Wateja wana msimu."

Kwa kinyozi nako alivimba kichwa. Alikaa kwenye benchi, mguu juu ya mguu, akieleza kwamba siku hizi hapatikani ovyo. "Wakubwa wana makarani," alisema. "Mimi nami nina karani, tena hadai chakula wala likizo."

Aliyekuwa akinyolewa akageuka na povu shavuni. "Huyo karani wako namfahamu," akasema. "Juzi upepo ulinifungia nje. Nimesimama kwenye ngazi na taulo, nimeazima simu ya muuza maji. Mwanamke wa mashine ananiambia, taja sababu ya kupiga. Nikamwambia, nisaidie haraka, niko uchi. Akanikatia."

Watu wakacheka. Kitasa naye alicheka, ila kicheko chake kilitangulia kuisha.

Kilichokuwa kinatokea kilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mwenye simu. Mteja wa Kitasa ni mtu mwenye haraka, analia shida, na anataka jambo lifanyike sasa hivi. Mashine iliwakata mmoja baada ya mwingine kwa bidii ya mwajiriwa mpya. Matapeli nao hawakulala. Kazi yao ni kujifunza, wakajifunza. Walitulia, wakashusha sauti, wakasema, "Mimi ni mteja, kitasa changu kina hitilafu ndogo," na mashine ikawakaribisha ndani kwa heshima zote. Kitasa akipokea kwa furaha, mtu anamwambia kwamba kabla ya kufika kwenye kitasa, wangezungumza kidogo kuhusu kiwanja.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia kwenye mambo haya. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, akiishi peke yake mitaa miwili mbele, kwenye nyumba ambayo hata viatu mlangoni vilipanga mstari. Alikuwa amebadilisha namba ya simu, na Kitasa hakuwa ameiandika mpya. Alipopiga, mashine ikamtaka ataje jina na sababu.

"Kwanza wewe ni nani," mama mkwe akasema, "na umekaa kwenye simu ya mkwe wangu kwa ruhusa ya nani?"

"Samahani, sijakuelewa."

"Huwezi kunielewa kwa sababu husikilizi. Mpe simu."

Mashine ikakata. Mama mkwe akampigia bintiye, kwa utulivu wa mtu anayetoa habari za msiba. "Mwanangu, kaa chini. Mumeo ameweka mwanamke kwenye simu yake. Nimeongea naye mwenyewe. Ana sauti nzuri, lakini hana adabu."

Usiombe kuhojiwa na fundi wa nguo mwenye mkasi mkononi. Kitasa alieleza, akarudia, akamwekea mkewe ile sauti ya mashine aisikie, na bado mkewe aliuliza kwa nini wamechagua sauti laini namna ile. Mwishowe akaiandika namba mpya ya mama mkwe, akaenda mwenyewe kumsalimu. Mama mkwe akampokea vizuri. Alisema tu kwamba zamani mtu akikosewa na mashine alikuwa anaipiga teke.

Kwa kuonyesha moyo wake, Kitasa akamtengenezea kitasa kipya cha bafuni, kizito, cha shaba. Kwa ndani akabandika karatasi yake ya biashara kama alivyofanya kwenye kila kazi: "Ukikwama, nipigie," na namba yake chini, kwa tarakimu kubwa.

Kitasa kile kilikuja kung'ang'ania Jumamosi moja adhuhuri. Mama mkwe alikuwa ndani, simu yake iko sebuleni, tena imeisha chaji. Aligonga ukuta kwa kopo mpaka jirani yake, fundi rangi mstaafu, akaja chini ya kidirisha. Kwa sauti ya darasani akamsomea ile namba iliyobandikwa mlangoni. Jirani akapiga.

"Taja jina lako na sababu ya kupiga."

"Njoo haraka, mama mkwe wako amekwama bafuni!"

Ikakata. Jirani akapiga tena. Akaongeza kwamba ni mtu mzima, kwamba kuna joto, kwamba aje sasa hivi. Kila alivyoongeza neno la kweli, alizidi kuonekana mwongo. Mwisho akaitukana mashine tusi ambalo mama mkwe alilisikia kidirishani, akamwambia tusi hilo lina makosa ya ngeli. Jirani akaenda kutafuta shoka.

Wakati huo Kitasa alikuwa kwa kinyozi, anacheza drafti. Siku hiyo ujumbe haukungoja jioni, maana tapeli alikuwa amezidi. Kitasa akausoma kwa sauti ili benchi zima lifaidi.

"Msumbufu mmoja amepiga mara nyingi. Anadai mama mkwe wako amekwama bafuni." Akatikisa kichwa. "Jamani, hawa watu wameishiwa. Zamani walau walikuwa wanaua watoto."

Benchi likacheka mpaka kete zikamwagika. Bado wanazikusanya, mkewe akapiga. Jirani, baada ya kuuvunja mlango, alikuwa ameichomeka simu ya mama mkwe kwenye umeme na kumpa habari.

"Baba watoto," mkewe akasema, polepole mno. "Uko wapi?"

Alipofika, mlango wa bafuni ulikuwa vipande. Kile kitasa cha shaba kililala sakafuni, kizima, bado kimefunga. Jirani alisimama kando ameegemea shoka lake. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha sebuleni, amejifunga khanga mbili, anakunywa maji.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe akaweka glasi chini. "Taja jina lako na sababu ya kuja."

Kitasa akatazama miguu yake. Akataja jina lake, lile la kwenye kitambulisho. "Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Sauti haisikiki vizuri. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena, mpaka jirani akaona aibu kwa niaba yake, akatoka nje na shoka lake.

Alasiri hiyo hiyo Kitasa alikaa kwenye ngazi za nyumba ya mama mkwe, akaipigia kampuni ya simu waiondoe huduma. Mashine ya kampuni ikamtaka ataje sababu ya kupiga. Akasema anataka kuondoa Simu Tulivu. Ikampongeza kwa kuchagua Simu Tulivu. Baadaye akapatikana binadamu, akamwambia hakuna shida, ila kwa usalama wake watampigia kuhakikisha kwamba ni yeye. Akangoja. Simu haikuita. Akapiga tena, wakasema wamempigia hapatikani. Jioni ujumbe ukaingia: Simu Tulivu imemnusuru na mtu mwenye haraka aliyejifanya ametoka kampuni ya simu. Ikabidi arudi kwa yule binti wa kaunta, akasimama mbele yake mpaka alipomwona kwa macho ameibofya na kuifuta.

Wasumbufu wakarudi kama maji kwenye mfereji, na wateja pamoja nao. Kitasa akawa anapokea kila kitu kama zamani, chai yake ikapoa kama zamani. Siku aliyokwenda kufunga mlango mpya wa bafuni, safari hii wa komeo tu la mbao, simu ilimkatiza kazi mara kwa mara. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu, anamtazama.

"Hizo namba usizozijua," akasema, "haziwezi kuelekezwa kwangu? Nilisikia kampuni wanafanya hivyo."

"Zinaweza, mama. Lakini ni usumbufu mtupu."

"Nimekaa na watoto mia saba kwa miaka thelathini. Sasa nakaa na redio. Usinifundishe usumbufu."

Mtu aliyemwacha mama mkwe bafuni hana mdomo wa kukataa. Kitasa akaelekeza.

Aliyekuja kumtangazia gari la bahati nasibu aliulizwa ni la rangi gani. Akataja mbili. Aliulizwa ana umri gani, amesoma wapi, na kwa nini anasoma maneno ya karatasini bila kupumua kwenye vituo. Alirudia hotuba yake mara tatu, mama mkwe akimsahihisha, na ya mwisho ilikuwa nzuri kwelikweli. Hakupiga tena. Mtu wa bima ya maisha alipouliza kama amewahi kufikiria juu ya kifo, alijibiwa kwa urefu, kuanzia msiba wa marehemu mume wake, mpaka akaomba ruhusa ya kukata simu. Akanyimwa. Binti wa mikopo alianza kwa sauti ya asali, akaishia kueleza jinsi mkubwa wake anavyomnyanyasa, na siku hizi hupiga kwa jambo lake mwenyewe tu, kutaka ushauri.

Wateja nao hawakupona. Aliyepoteza ufunguo kwa mara ya pili ndani ya mwezi aliulizwa kama nyumbani kwao hakuna misumari ya kutundikia. Walilalamika, lakini mafundi wengine walikuwa mbali, na mwalimu, hata awe mkali, hakumkatia mtu simu. Kazi zilirudi, kisha zikazidi. Mkewe Kitasa alisema mama yake amenenepa, anavaa miwani mipya, na ukimtembelea anakunyooshea kidole unyamaze, yuko kazini.

Siku moja Kitasa akiwa kibandani, simu ikaita. Ilikuwa namba pekee iliyobaki kumletea kazi.

"Duka la dawa, kona ya benki. Ufunguo umekatikia ndani," mama mkwe akasema. "Nenda sasa hivi. Na uvae shati safi. Huyo mama wa duka ameongea kwa adabu."